Futari ya Buyenzi

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Warda alikagua kinyesi cha paka. Wenzake wa darasani katika mtaa wa Molenbeek, huko ughaibuni, waliamka na kutazama simu. Yeye aliamka, akachukua kijiko chake cha plastiki, akachimbua mchanga kwenye sanduku la choo lililokuwa karibu na mashine ya kufulia. Kinyesi kikiwa kigumu, siku ilianza vizuri. Kikiwa laini au chenye ute, alimwita papa, yaani baba yake, hapo hapo.

Paka mwenyewe aliitwa Buyenzi. Papa yake Warda, Mzee Abdul-Aziz, ndiye aliyempa jina hilo la mtaa aliozaliwa kule Bujumbura. Alisema mtaa ule na paka huyu wote hawajui kunyamaza. Lakini mwaka uliopita Buyenzi alinyamaza. Alikonda hadi mbavu zikahesabika, akawa anatapika na kuharisha, hata kamba za viatu hakuzijali tena. Walimpeleka mtaa wa Ganshoren kwa daktari wa wanyama, Madame Rolande, ambaye alimpima damu, akamchunguza tumbo, kisha akawaeleza kwamba paka wao ana ugonjwa sugu. Utumbo wake huvimba kwa ndani, na vyakula vingi huuchokoza.

"Ugonjwa huu hauponi kabisa," daktari alisema, "lakini unatulizwa. Atameza vidonge, na atakula chakula hiki maalumu cha punje. Hiki tu, basi."

Warda aliomba kazi hiyo apewe yeye. Alijifunza kufungua mdomo wa Buyenzi, kuweka kidonge nyuma kabisa ya ulimi na kumpapasa koo mpaka ameze. Alikwaruzwa vya kutosha, tena bila shukrani. Lakini paka alinenepa, manyoya yakang'aa, na daktari akaanza kupunguza vidonge polepole. Warda akawa anatembea kifua mbele, na mgeni yeyote aliyeingia nyumbani alisimuliwa habari za utumbo wa paka, apende asipende.

Ukaja mwezi wa Ramadhani. Mwaka huo Warda aliamua kufunga kama watu wazima, na jioni ya kwanza alifika magharibi bila kutegea. Mezani palikuwa na tende, uji, sambusa, na sahani ya ndagala, wale dagaa wa Ziwa Tanganyika ambao Tonton Zuberi, rafiki wa papa yake, hutumiwa kutoka nyumbani. Buyenzi alikaa chini ya kiti cha Warda akimkodolea macho. Warda alikuwa na furaha tele moyoni, akaona si haki afuturu peke yake.

"Na wewe futuru," alinong'ona, akamdondoshea ndagala mmoja.

Tonton Zuberi alimwona, akafurahi sana. "Eeh, vizuri, mwanangu! Kulisha mnyama mwezi huu ni thawabu kubwa."

Tangu jioni ile, kila mgeni alitaka fungu lake la thawabu. Huyu alitoa kipande cha sambusa, yule ngozi ya kuku. Papa hakujua, kwa kuwa aliendesha basi zamu ya jioni na kufuturu kwa tende na maji kwenye kituo cha mwisho. Maman alikuwa jikoni na kikaango chake. Warda peke yake ndiye aliyeona yote. Lakini angemwambiaje mtu mzima arudishe mkono wake? Na isitoshe, nani aliyeanza? Akanyamaza.

Asubuhi moja kijiko kilitoka na kinyesi laini chenye ute na michirizi ya damu. Kesho yake Buyenzi alitapika juu ya msala, kisha akajificha chini ya kitanda na kukataa kutoka. Warda alimgusa mgongo, akahisi mifupa. Alilia palepale sakafuni.

Papa aliomba ruhusa kazini, wakapanda basi hadi Ganshoren. Madame Rolande alimpima paka uzito, akatikisa kichwa.

"Dalili zimerudi, na kwa nguvu. Je, amekula kitu kingine tofauti na chakula chake?"

"Jamais, Docteur, hata kidogo!" Papa alijibu. Aliweka mkono begani kwa Warda. "Mtoto wangu huyu analinda chakula cha paka kama polisi. Naapa, hajagusa kitu kingine."

Daktari alishusha pumzi. "Basi chakula hiki kimeshindwa. Itabidi tumwanzishie dawa kali zaidi. Inaweza kudhoofisha damu, kwa hiyo tutampima mara kwa mara. Sikutaka kufika huko, lakini sioni njia nyingine."

Akaanza kuandika kwenye kompyuta. Warda alitazama vidole vya daktari. Akisema, atakuwa amemuumbua papa yake mbele ya daktari. Akinyamaza, Buyenzi atameza dawa kali asiyoihitaji.

"Docteur, subiri," alisema. "Papa hajui. Buyenzi amekula ndagala. Na sambusa, na kuku. Wageni wanampa kila jioni, lakini mimi ndiye niliyeanza."

Mkono wa Papa ulitoka begani. Hilo lilimuuma Warda kuliko mikwaruzo yote.

"Ndagala ndiyo nini?" daktari aliuliza.

"Samaki wadogo wakavu. Wana chumvi."

"Na hiyo sambusa?"

Papa ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Nyama, vitunguu na pilipili, Docteur."

Madame Rolande alijishika kichwa. Kisha akafuta alichokuwa amekiandika. "Warda, asante. Nilikuwa karibu kukosea. Chakula hakijashindwa, ila hakikupewa nafasi. Tutapima kinyesi chake tuhakikishe hana minyoo. Vidonge tutarudia kipimo cha mwanzo kwa muda, na msipunguze wenyewe hata akionekana mzima. Chakula, punje zake tu. Lakini hao wageni, nani atawazuia?"

"Mimi," Warda alisema.

Wakapanda basi kurudi nyumbani. Warda alitazama nje dirishani akiwaza. Kumkataza mzee kutoa sadaka, tena mezani, tena Ramadhani! Hata kufikiria tu kulimtoa jasho.

Jioni hiyo alichukua kisahani cha chai, akatia punje kutoka kwenye mlo wa Buyenzi uliokwisha pimwa, akakiweka katikati ya meza kando ya tende. Wageni walipokwisha kunywa uji, alisimama.

"Tonton Zuberi, Maman Sumaya, naomba mnisamehe. Buyenzi ni mgonjwa. Chakula chetu kinamuumiza utumbo. Mimi ndiye niliyeanza kumpa, na nilikosea. Anayetaka thawabu, tafadhali ampe punje za humu."

Tonton Zuberi alirekebisha kofia yake. "Alors, mtoto ananikataza sadaka?"

"Sikukatazi, Tonton. Nimekuletea."

Maman Sumaya, jirani wa ghorofa ya juu, ndiye aliyecheka kwanza. Akachukua punje moja na kuinama. Tonton Zuberi naye akachukua yake, akainusa, akakunja uso. "Maskini! Hii ndiyo futari yake? Bon, donc huyu anafunga kutushinda sisi sote!" Na akampa, kwa heshima zote.

Nafuu haikuja kwa haraka. Asubuhi nyingine kinyesi kilikuwa bado laini, na Warda alikunja uso, akampa paka kidonge, akaenda shule. Hakuruka siku. Mgeni mpya alipoingia, alielezwa habari ya kisahani kabla hajavua koti. Kisha asubuhi moja Warda alipiga ukelele hadi Maman akadhani nyumba inawaka moto. Kumbe kinyesi kilikuwa kigumu. Papa alikuja mbio na povu la sabuni usoni, wakainamia sanduku pamoja wakitabasamu kama watu waliookota dhahabu.

Baada ya Idi walirudi Ganshoren. Buyenzi alipiga kelele njia nzima ndani ya basi, jambo ambalo liliwafurahisha wao na kuwaudhi abiria. Uzito ulikuwa umepanda, tumbo lilikuwa laini, wala minyoo haikuonekana. Dawa kali haikuhitajika.

"Nani amefanya kazi hii?" Madame Rolande aliuliza, ingawa alijua.

Papa alikohoa. "Docteur, siku ile niliapa juu ya jambo nisilolijua, na mtoto wangu akanisahihisha mbele yako. Niliona haya, sifichi." Akamgeukia Warda. "Lakini nimefikiri, mwanangu. Kukosea, sote tunakosea. Mgonjwa hatibiwi kwa uongo, hata ule wa kukaa kimya. Wewe ulisema kweli ilipokuwa ngumu, halafu ukaifanyia kazi kila siku bila kusukumwa. Mtu wa namna hiyo anaaminika na kazi yoyote. Najivunia kuwa papa yako."

Aliyasema hayo kwa Kifaransa, mlango ukiwa wazi, kwa sauti ya dereva anayetangaza kituo. Chumba cha kusubiri kizima kiligeuka kumtazama Warda, watu na mbwa wao. Warda hakuinamisha kichwa.