Mfereji wa Ilomba

Kiangazi kile cha mwaka 1956, kengele ya kanisa la Ilomba ilipolia asubuhi, watu walitoka na majembe kwenda kuchimba mfereji. Tupokigwe naye alitoka, ila chini ya kwapa alikuwa na kitabu cha nyimbo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na sauti yake ilikuwa tamu kweli kweli. Shida ni kwamba mikono yake haikupenda jembe hata kidogo.

Mfereji ule ulikuwa uteremshe maji ya kijito cha mlimani mpaka kwenye bustani za kijiji, ili watu walime kabichi na vitunguu hata mvua isipokuwapo. Kila nyumba ilipewa kipande cha kuchimba, kina cha kufika magotini. Baba yake Tupokigwe alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu huko Chunya, na mama yake alikuwa amejifungua juzijuzi. Kwa hiyo kipande cha nyumba yao kilimwangukia yeye.

Alichimba mpaka vifundoni, akakuta udongo mgumu, akaweka jembe chini.

"Gwe Tupoki, chimba basi!" alisema rafiki yake Sekela, aliyekuwa akichimba kipande cha jirani. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nina mazoezi ya kwaya. Kazi ya Mungu kwanza," Tupokigwe alijibu. Akapiga goti, akasema haraka haraka, "Bwana, yapitishe maji hapa." Kisha akafunika kipande chake kwa majani, akaenda kumwambia Mwalimu Jailos, aliyesimamia kwaya na kazi ya mfereji, kwamba amemaliza.

Siku ya kufungulia maji ikafika. Loo, furaha iliyoje! Wazee walipanda mlimani kufungua banio lililozuia maji ya kijito, watoto wakajipanga kando ya mfereji, na kwaya ikasimama tayari, Tupokigwe mbele na gauni lake jeupe.

"Yanakuja! Yanakuja!"

Maji yakaja kwa kasi, yamejaa vumbi na majani makavu, watoto wakikimbia nayo huku wakipiga kelele. Mara yakasimama. Yakajaa, yakavimba, kisha yakaanza kumwagika bondeni, moja kwa moja kuelekea kitalu cha Bibi Lusia. Bibi huyo alikuwa mjane, na ile miche ya kabichi ndiyo iliyokuwa chakula chake cha mwaka mzima.

"Miche yangu! Yesu wangu, miche yangu!" alilia.

"Fungeni maji!" Mwalimu Jailos alipaza sauti, lakini wazee kule juu hawakuweza kumsikia.

Tupokigwe alijua vizuri sana maji yamekwama wapi. Aibu ikamchoma. Alinyakua jembe la Sekela, akaruka ndani ya mfereji na gauni lake lile lile. Puu! Puu! Tope likamjaa mpaka kwenye nyusi. Sekela na wenzake wakarundika udongo ukingoni. Maji yalikuwa yamekwisha gusa mstari wa kwanza wa miche, na hapo ndipo ule udongo mgumu ulipoachia. Yakarudi mferejini, yakapita kwa kishindo, na vigelegele vikasikika kila upande.

"Mwalimu, nilikudanganya," Tupokigwe alisema huku akihema. "Kipande hiki sikukimaliza. Nilimwachia Mungu."

Watu wakacheka, na mwalimu mwenyewe akajizuia kwa shida. "Umesema kweli, hilo ni jema. Sasa njoo, kwaya inakungoja."

"Bado, mwalimu. Hapa pana jiwe linabana maji."

Bibi Lusia alifunga kanga yake vizuri kiunoni, akashuka mferejini.

"Mwanangu," alisema, "Bwana Yesu alikuwa seremala. Unadhani alitengeneza meza yenye mguu mmoja mfupi, kisha akakimbilia kusali?"

"Hapana, Bibi."

"Basi. Mungu alikupa sauti, akakupa na mikono, na kazi unayoifanya kwa moyo ni ibada vilevile. Ukimwomba maji, chimba. Ukimaliza kuchimba, imba mpaka Mbeya mjini wakusikie. Haya, shika upande huo."

Wakainama wote wawili, wakaling'oa lile jiwe.