Gari Likifika Mia

Haya hayakunikuta mimi, yalimkuta shoga yangu mshonaji, na machozi yake niliyafuta kwa mkono huu. Wanawe wawili waligombania gari la marehemu baba yao. Mkubwa, yule mwenye majivuno na jino lake la fedha, akachukua spana ya magurudumu akampiga mdogo wake mdomoni. Jino la mbele likaruka. Gari akabaki nalo yeye.

Siku moja baadaye alikuwa anamwendesha mama yake kupeleka nguo kwa mteja. Gari likifika mia tu, usukani unatetemeka, na huko chini kunagonga: ka, ka, ka.

"Punguza mwendo, baba, utatuua!"

"Mama nawe! Umekuwa mwoga kama yule kibogoyo wako."

Gari likayumba, nusura liingie mtaroni. Ndipo akakubali kwenda gereji. Umeme ulikuwa umekatika, mle ndani giza totoro.

"Likitetemeka kwenye mwendo mkali, tunaanza na magurudumu," fundi akasema. "Ila haya nilikupimia jana mwenyewe, yalikuwa sawa kabisa."

Akalitoa tairi la mbele kwenye rimu, akalitikisa. Ka, ka, ka. Likadondoka jino la fedha, bado linavuja damu.

Shoga yangu akalitazama, akamgeukia mwanawe.

"Mwanangu, hebu fungua mdomo."

"Mama, usianze mambo ya..." Akashika shavu.

Fundi akammulika kwa tochi. Damu ilikuwa inamchuruzika kidevuni, na pale lilipokuwa jino lake la fedha palikuwa na pengo.