Inchi Tatu na Nusu

Haya yalimpata dada yangu, nami nilikuwepo, nimesimama kwenye meza ya pasi. Sitii chumvi. Tangu siku ile nimekufa ganzi, na mtu aliyekufa ganzi hana hata nguvu za kutunga.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida. Dada alikuwa kwenye cherehani anamalizia mapazia ya mteja msumbufu, yule asiyejua anataka nini mpaka umeshakata kitambaa. Mimi kazi yangu ni pasi na vifungo, mwaka wa kumi na tano sasa. Mtoto wa pekee wa dada, binti wa miaka kumi na saba tuliyemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, alikuwa shuleni. Mlango ukasukumwa, akaingia kijana mmoja wa Ukumbi, amevaa koti la buluu.

Watu wa Ukumbi tuliwajua, nani hakuwajua. Walihamia kwenye jengo lililokuwa duka la samani mwisho wa barabara yetu. Walisema wao ni dini, lakini hukuwasikia wakihubiri. Waliwapa vijana mahali pa kuchaji simu, magitaa ya kujifunzia, mtu wa kuwaelekeza hesabu. Wala hawakumwita mtu. Walituma koti. Kijana anatoka darasani, anakuta mfuko getini umeandikwa jina lake la utani, ndani mna koti la buluu. Akilivaa linamkaa kama alizaliwa nalo. Sasa mtoto aliyekulia kwenye suruali ya kaka na sweta la binamu, mpe kitu kilichokatwa kwa ajili yake peke yake uone. Wiki hiyohiyo anakwenda kushukuru. Mwezi haujaisha amehamia huko. Fundi redio jirani yetu alimfuata mwanawe mara nne. Kila mara alipewa kiti na maji ya kunywa, na mtoto akaja kumsalimia vizuri sana, kama unavyomsalimia mgeni.

Sasa kijana huyu alileta vitambaa vya makoti ishirini, na dada aliipokea kazi yao shingo upande. Kijana akamwachia karatasi yenye mistari ishirini. Haikuwa na majina, ni namba tupu za bega, kifua na mikono.

"Nani aliwapima?" dada akauliza.

"Vipimo tunavyo, mama. Wewe vifuate tu kama vilivyo."

Mchana dada aliikunjua ile karatasi ili aanze kukata. Sikusikia mkasi. Nilipogeuka nikamwona ameshika karatasi kwa mikono miwili.

"Njoo usome mstari wa kumi na nne," akaninong'oneza.

Mistari mingine ilikuwa na namba moja ya mikono. Huo ulikuwa na mbili. Kulia inchi ishirini na tatu. Kushoto ishirini na moja na nusu.

Chiriku alianguka ukutani akiwa na miaka sita, kiwiko cha kushoto kikaungwa vibaya, na mkono ukabaki mfupi kidogo. Dada alimshonea kila nguo kwa namna ambayo hata rafiki zake hawakuwahi kugundua. Vipimo hivyo havikuandikwa popote. Vilikuwa kichwani mwa dada, na vya mwisho alivichukua wiki mbili nyuma, tukiwa watatu tu humu ndani na mlango umefungwa.

"Irudishe kazi yao," nikamwambia.

"Watampa fundi mwingine, naye atalishona sawasawa." Akachukua chaki. "Mimi nitalikosea. Nguo ikimkera hakai nayo hata dakika moja, unamjua. Atalitupa, yaishe."

Mkono wa kushoto wa lile koti akaukata inchi kumi na nane. Nilikiona kipande kikianguka chini, inchi tatu na nusu za kitambaa cha buluu, kutoka sehemu ya kifundo cha mkono kwenda juu. Nikakiokota, nikakitia kwenye droo ya vitambaa vilivyobaki. Sijui kwa nini sikukifagia.

Ijumaa kijana akaja kuchukua mzigo. Aliyapitia makoti moja moja. Alipofika la kumi na nne akalitoa, akapitisha kidole kwenye mkono mfupi kuanzia begani mpaka mwisho. Dada alijitia kutafuta sindano.

"Ahsante, mama," kijana akasema. "Litamtosha."

Jumamosi saa sita mchana, jua likiwaka, Chiriku akaingia. Siku zote huanza maneno akiwa bado barabarani. Siku hiyo alisimama mlangoni, akasema, "Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo." Basi. Alikuwa amelivaa lile koti.

Mkono wa koti uliishia kwenye kifundo. Hapo hasa. Haukupanda wala haukubana.

Dada akainuka na futi yake ya kupimia. Akampima begani mpaka kwenye kifundo. Kumi na nane. Akampima tena. Kumi na nane. Akapandisha kitambaa taratibu, nami nikasogea. Hakukuwa na kidonda. Hakukuwa na mshono. Ngozi ilikuwa laini tu.

Na kovu halikuwepo.

Kovu hilo nilimpa mimi. Alikuwa na miaka minne, nikageuka kuchukua maji, akaigusa ncha ya pasi. Lilibaki juu kidogo ya kifundo, umbo la pembetatu. Mwezi mzima dada alimpaka dawa kila asubuhi, na hakuwahi kunitupia neno baya. Sasa nililitafuta kwa macho na sikuliona. Nilijua napaswa kupiga kelele. Sikusikia kitu ndani yangu, hata woga.

"Unauma?" dada akanong'ona.

"Nini, mama?"

"Mkono."

Chiriku akautazama. "Mkono wangu si ndivyo ulivyo?" Akatabasamu, akalishusha lile koti vizuri. "Limenikaa, eti? Mimi hakuna nguo imewahi kunikaa hivi."

Akasema anakwenda kushukuru. Hakurudi.

Dada alikesha siku mbili akishona koti jingine, mkono wa kushoto ishirini na moja na nusu, akalipeleka mwenyewe Ukumbini. Akapewa kiti. Akapewa maji. Chiriku akalijaribu mbele yake, na mkono wa koti ukamfunika mpaka kwenye vidole. Akalivua, akalikunja vizuri, akamrudishia.

"Pole, mama," akamwambia. "Umekosea vipimo."

Karatasi zao bado zinakuja kila mwezi. Mimi nilidhani dada atazikataa. Hazikatai. Anapima kitambaa mara tatu kabla ya kugusa mkasi, na hapunguzi wala haongezi hata robo inchi. Nilipomuuliza, alijibu bila kuinua macho, "Na fundi mwingine akikosea je?" Basi yeye anashona, mimi napiga pasi, na mtaani watu wanasema makoti ya Ukumbi siku hizi yanawakaa watoto kuliko zamani.

Mwezi uliopita nilifungua droo kutafuta uzi. Kile kipande kilikuwa juu ya vingine vyote. Kilikuwa kimeungua, alama ya kahawia, pembetatu, ncha ikitazama juu. Pasi yangu naijua. Kipande kile sijawahi kukipiga pasi. Nilikifua kwa sabuni mara mbili, nikakianika, alama ikabaki palepale.

Nikamwonyesha dada. Alikwenda chumbani, akarudi na kopo la dawa ya kuungua. Sasa kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani, anakilaza kile kipande pajani na kukipaka kwa ncha ya kidole, polepole, asikiumize. Jana aliniuliza kama naona alama inafifia. Nikamwambia inafifia.