Kucha za Felisiani

Kama wewe ni mtu wa kucheka mambo ya uchawi, cheka sasa umalize. Haya yalimpata mdogo wangu wa tumbo moja, Felisiani, hapahapa Kasulu, mwaka 2013, na mimi Esteria nilikuwepo.

Felisiani alikuwa chizi wa metali, ule muziki wa magita yanayounguruma. Aliupiga kwa gitaa la umeme la kwaya. Aliyemfungua macho ni Raymond, mwalimu wa kwaya, mtumishi aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali. "Hizo mbio za vidole unazozipenda," alimwambia, "watu wa metali wamezitoa kwa wazee wa Ulaya wa zamani, wale wa vinanda na fidla. Wao wameongeza kasi na kelele tu." Akamfundisha kwa do re mi, kama anavyofundisha kwaya. Kipande cha kinanda, polepole. Kisha upesi. Kisha gitaa likanguruma mpaka vioo vya kanisa vikatetemeka. Mwanafunzi akampita mwalimu, na Raymond akapiga makofi. Alikula ugali wa muhogo kwetu kama mtoto wa nyumbani.

Kila mara kabla ya mazoezi, Raymond alimkata kucha za mkono wa kushoto. "Ukucha mrefu hauachi kidole kibane waya," alisema. Kweli. Lakini kwetu Waha, kucha zako unazifukia mwenyewe, humwachii mtu.

"Zichukue," nilimnong'oneza Felisiani.

"Dada, huyu ni mwalimu wangu."

Raymond akazifunga kwenye leso, akatia mfukoni.

Sikukuu ya parokia ikakaribia. Watu wa bendi ya Kigoma walikuwa wanakuja kuchagua mpiga gitaa, na kila mtu alijua ni Felisiani. Wiki hiyohiyo vidole vyake vya kushoto vikafa. Havikuvimba. Havikuuma. Alishika sufuria ya moto, asisikie kitu. Hospitali walipima, hawakuona ugonjwa.

Siku ya sikukuu, mchana kweupe, Raymond akalivaa gitaa. Mtu wa kinanda! Sikuwahi kumwona akilishika. Akapiga. Mbio zilezile. Kosa lilelile la Felisiani, kidole cha mwisho kuchelewa kidogo.

Nikamgeukia mdogo wangu. Mana yanje, Mungu wangu! Vidole vyake vilivyokufa vilikuwa vinatembea pajani. Vinafuata wimbo.

"Dada," alinong'ona, machozi yanamtoka. "Huo mkono ni wangu."

Nilimkuta Raymond akipanda gari la bendi. "Mwizi we! Umekula kwetu!"

Hata hakukasirika. "Dada Esteria, nilimfundisha mimi. Nimechukua changu."

Kikulacho ki nguoni mwako, jamani. Hakurudi tena.

Sasa Felisiani analima muhogo kijijini Kitanga kwa mkono mmoja. Gitaa hagusi. Lakini kuna siku tunapalilia, namwona ameacha jembe, anautazama mkono. Ncha za vidole zimechimbika mistari myembamba kama ya waya za gitaa, myekundu, mibichi. Juzi zilitoka damu. Nikamfunga kitambaa. Hasikii maumivu yoyote.

Ananiuliza tu, "Dada, leo anapiga nini?"