Mikwaruzo ya Santuri ya Benedikta

Wimbo ulikwisha, lakini kwenye skrini mawimbi ya sauti yaliendelea kuchezacheza, kana kwamba kuna mtu anapumua mle ndani ya santuri.

Tekla alidhani ni waya umelegea. Alikuwa na duka la kompyuta pale Katesh, mwaka 2006, na kazi ya kuhamishia santuri kuukuu kwenye sidii aliijua vizuri. Ila hii haikuwa ya mteja. Aliikuta chini kabisa ya sanduku la baba yake: kwaya ya Dongobesh, na kiongozi wa waimbaji ni Benedikta, mama yake, aliyefariki siku ileile aliyomzaa yeye. Miaka ishirini na saba hajawahi kuisikia sauti ya mama. Jamani, nani angemlaumu?

Mwisho wa santuri ulikuwa umekwaruzwa vibaya kwa msumari. Tekla alishinda kwenye programu akiifuta mikwaruzo mmoja mmoja, na kila alivyofuta ndivyo dukani kulivyozidi kunuka maziwa yaliyochacha, na ndivyo ile pumzi ilivyozidi kusogea karibu na sikio lake, hadi alipoufuta wa mwisho na sauti laini ya mwanamke ikamwita kwa jina.

"Tekla."

Mtoto aliyelelewa vizuri akiitwa na mkubwa huitika. Naye, machozi yakimlengalenga, akaitika, "Abee, mama."

Harufu ikakatika papo hapo.

Jioni Mzee Hermani alipita kumchukua bintiye. Alipoiona santuri, akavuta kiti akakaa. Kwa kunong'ona akaeleza kwamba aliikwaruza mwenyewe wiki moja baada ya mazishi, kwa sababu wimbo ukiisha ilikuwa inamwita mtoto. Kuitupa hakuwa na moyo.

"Umeitika?"

Tekla akatikisa kichwa kukubali.

"Jina hilo nilikupa mimi, mama yako akiwa ameshazikwa. Hakulijua kabisa. Anayeita humo ni jini, mwanangu."

Tekla akafungua kinywa amjibu. Midomo ilicheza, sauti haikutoka.

Mzee akaivunja santuri gotini. Akang'oa waya wa umeme ukutani, skrini ikazima. Kisha akamshika bintiye mabega, akimbembeleza aitike walau mara moja, kama alivyokuwa akiitika tangu utotoni.

"Tekla. Tekla, mwanangu."

Tekla alimtazama tu, akilia kimyakimya, midomo ameifunga.

"Abee, baba," ikaitika spika, kwa sauti ya Tekla.