Mlango Usiofunguka kwa Ndani

Haya yalimpata mdogo wangu Kamene, mchana kweupe, mbele ya watu wazima wawili. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wa mtaani kwetu Kiandutu wakisikia jambo kama hili huuliza kwanza kama kulikuwa na giza, na kama msimulizi alikuwa ametoka usingizini. Ilikuwa saa nane mchana. Nilikuwa macho, na mikono yangu ilikuwa imejaa vumbi la msasa.

Jumanne hiyo ilianza vizuri. Chekechea ya Kamene ilikuwa imefungwa kwa wiki moja, basi mama alipokuwa akitoka kwenda kufua nguo za watu Ngoingwa aliniachia mtoto.

"Mbinya, huyo asitoke machoni pako," alisema.

"Hatatoka, mama."

Kamene alikuwa na miaka sita. Alivaa gauni lake la manjano, akala mandazi mawili, na njia nzima hadi Kimbo aliniuliza kwa nini ng'ombe hawavai viatu.

Kimbo, upande wa Ruiru, ndiko nilikokuwa nikifanya kazi kwa mzee Githae, fundi wa bodi za magari. Nilianza kwake mwaka niliokomea kidato cha pili, baada ya baba kufariki. Baba alikuwa makanga wa matatu za laini ya Thika. Hakutuachia mali, lakini alituachia kelele zake: alivyopiga mluzi, alivyogonga bodi. Kila mtoto wa stejini anazijua hizo ishara. Ukigonga bodi mara mbili, dereva anaondoka. Ukigonga mara moja, anasimama.

Mzee Githae si fundi wa kunyoosha mabati tu. Watu humletea magari ya zamani sana, yale ambayo kiwanda kilitoa injini na chasisi peke yake, kisha mafundi wa mbao na bati wakayajengea bodi kwa mkono, kila moja kwa kazi yake. Mengi hayana karatasi. Mwenye gari hajui amenunua nini. Kazi yetu ni kulitambua.

"Gari kama hiyo haiwezi kukuambia jina," mzee alinifundisha wiki ya kwanza. "Lakini itakuonyesha nani alikuwa anakaa wapi. Tafuta mwili wa mtu, kairitu. Bodi ni nguo. Uliza ilishonewa nani." Kairitu, yaani msichana kwa Kikuyu, ndivyo alivyoniita tangu siku hiyo.

Gari la siku hiyo lililetwa na Bi. Wangechi, mama mmoja wa Ngoingwa anayekusanya magari ya zamani. Alilinunua katika shamba la kahawa lililouzwa vipandevipande. Lilikuja juu ya lori, bila injini, bila magurudumu, tukalikalisha juu ya mawe manne. Lilikuwa refu kama chumba chetu. Lilikuwa na mlango mmoja tu, kule nyuma, na madirisha madogo ya vioo vyenye ukungu, juu sana karibu na paa.

"Fundi, mimi natamani ikuwe ile ya sinema," Bi. Wangechi alisema, simu mkononi, akipiga picha. "Zile zilikuwa zinaenda mashambani kuonyesha watu filamu. Zimebaki chache sana."

"Madam, gari haijui wewe unatamani nini," mzee alimjibu. "Mimi naona ya maziwa. Ama ya mkate."

"Mkate na madirisha?"

"Labda mkate ulikuwa unataka kuona njia."

Wakacheka. Nami nikaanza kazi. Kwanza nilizunguka nikigonga kwa kifundo cha kidole, kidogo kidogo, kusikiliza. Bati tupu hulia. Bati lililozibwa kwa puti hunyamaza. Penye mbao nyuma yake pana sauti kavu. Nilipata mbao zilizopangwa kwa karibu kuliko kawaida, kama mbavu. Kisha nikachukua msasa, nikasugua mahali padogo kama sarafu, rangi zikajitokeza moja ndani ya nyingine. Kijani cha shamba, halafu kahawia, halafu kijivu. Chini kabisa, nyeupe.

"Nyeupe," nikasema. "Hospitali?"

"Ama maziwa," mzee alisema. Hakukubali kushindwa.

Kamene alikuwa ameshaingia ndani. Nilimwona akikaa kwenye benchi. Kulikuwa na mabenchi mawili ya mbao yaliyotazamana, na ukutani nyuma ya kila nafasi kulikuwa na kulabu ndogo ya shaba yenye nambari. Sita huku, sita kule. Nikainama kumwambia atoke kwenye vumbi, nikaona miguu yake.

Nyayo zake zilikuwa zimekanyaga sakafu. Sawasawa. Magoti yake yalikuwa yamekunjika vizuri kabisa, kama ya mtu aliyekaa kwenye kiti alichopimiwa.

Kamene hajawahi kukaa kwenye benchi lolote la gari miguu yake ikafika chini.

Nilichukua futi ya kupimia. Benchi lilikuwa sentimita ishirini na saba kutoka sakafuni. Kulabu zilikuwa juu ya kichwa cha Kamene kidogo tu, mahali ambapo yeye angeweza kufika na mtu mzima angeinama. Kisha nikatazama mlango kwa ndani. Bati lilikuwa laini, bila tundu la msumari, bila alama. Hakukuwahi kuwa na kishikio upande huo. Hakikung'olewa. Hakikuwekwa.

"Mzee," nikaita nikitoka. "Nimejua. Si mkate. Ni ya watoto. Ilijengewa watoto kumi na wawili."

Bi. Wangechi akaruka kama msichana. "Ya watoto! Basi hiyo ni adimu kuliko ya sinema! Mbinya, wewe ni mkali!"

Mzee Githae alikuwa amepiga magoti akifuta kibati cha waliolijenga, kilichokuwa chini ya kizingiti. Akaanza kuzisoma herufi zake moja moja. Lakini mimi nilijaa furaha. Tangu niache shule hakuna mtu aliyekuwa ameniambia nimepata jibu. Nikainua kiganja, nikaipiga ile bodi kama alivyokuwa akipiga baba.

Pa. Pa.

Mlango ukajifunga.

Haukupigwa na upepo. Ulikuja polepole, kama unavyofungwa na mtu mpole asiyetaka kubana kidole cha mtoto. Halafu komeo la nje likaanguka mahali pake.

"Kamene, usicheze na mlango," nikasema.

Mzee aliinua uso. Nilikuwa sijawahi kuuona uso wake hivyo.

"Umegonga mara ngapi?" aliuliza. Alinong'ona.

"Mbili."

"Ngai, Mungu wangu." Akajishika kifua. "Mama yangu alichuma kahawa katika shamba hilo. Alikuwa anatuambia. Kulikuwa na gari nyeupe, ya karantini, kama kibati hiki kinavyosema. Watoto wakishikwa na ugonjwa wa koo, inakuja kuwachukua. Mwenye kuhesabu alikuwa anasimama nje. Wakijaa, anagonga mara mbili. Ikishagongwa, hata mzazi akilala mbele yake haisimami." Akautazama ule mlango. "Hakuna aliyerudishwa, kairitu. Hata mmoja."

Nilishika komeo. Dakika chache kabla lilikuwa likilegea kama jino bovu. Sasa lilikuwa kama limechomelewa. Bi. Wangechi akanisaidia kuvuta. Ukucha wake ukavunjika. Hakuutupia hata jicho.

Ndani, Kamene alikuwa akiongea.

Hakuwa analia. Hilo ndilo lililonitia baridi. Aliongea taratibu, kwa adabu, kama anayejibu mwalimu.

"Naitwa Kamene."

Kimya.

"Sita."

Kimya.

"Hapana, koo haliniumi."

Kimya kirefu.

"Dada yangu yuko nje. Yeye ndiye amegonga."

Niliinua macho kwenye dirisha. Kioo chenye ukungu hakionyeshi sura, kinaonyesha kivuli tu. Niliona vichwa. Vidogo, kwa mstari. Madirisha yalikuwa juu mno kwa watoto waliokaa. Lakini niliviona. Na vilikuwa vikitikisika pamoja, kushoto, kulia, kushoto, kama vya abiria kwenye barabara mbovu.

Nikatazama chini. Mawe manne yalikuwa pale pale. Gari halikuwa limesogea hata unywele.

Lakini vumbi lilikuwa likitimka chini yake.

"Mbinya?" Kamene aliita.

"Niko hapa! Niko hapa mlangoni!"

"Mbinya, mbona unabaki?"

Sauti yake ilikuwa mbali. Kiganja changu kilikuwa juu ya bati, yeye alikuwa nyuma ya bati hilo, na sauti yake ilikuwa inatoka mbali kama ya mtu aliye ng'ambo ya bonde. Akaita tena. Mbali zaidi. Mzee alikuwa akisali kwa Kikuyu. Bi. Wangechi alikuwa akipiga kioo kwa spana, na kioo hakikuvunjika.

Akaita mara ya tatu. Nilisikia herufi ya kwanza tu ya jina langu.

Sikuwaza. Mikono ya mtoto wa makanga haiwazi. Niligonga mara moja, kwa nguvu zangu zote, nikapaza sauti kama ya baba:

"Shukisha!"

Hakuna.

"Shukisha hapa! Kuna mtoto anashuka!"

Nikagonga tena. Moja. Ngozi ya kiganja ikapasuka.

Vile vichwa dirishani vikainama mbele. Vyote. Kwa pamoja. Kama vya abiria dereva anapokanyaga breki.

Vumbi likatulia. Komeo likalegea mkononi mwangu.

Kamene alishuka mwenyewe, akishika kizingiti, kitako mbele, kama tulivyomfundisha. Gauni lake lilikuwa limegeuka jekundu kwa vumbi. Nyuma yake mabenchi yalikuwa matupu.

"Tumeenda mbali," aliniambia. "Wamesema nimewachelewesha."

Sikumuuliza ni akina nani. Nilimbeba mgongoni na sikumweka chini mpaka Kiandutu.

Bi. Wangechi alilihamisha gari wiki ile ile. Nasikia amelifunika kwa turubai nyuma ya nyumba yake, hataki liguswe, na hataki kuliuza kwa mtu mwenye watoto. Mzee Githae naye hakuandika karatasi ya kulitambua. Tuliagana na kazi ile bila kuitaja.

Imepita miaka miwili. Kamene yuko mzima. Anakula, anacheka, anaimba kanisani, yuko gredi ya pili na anasoma vizuri kuliko mimi. Lakini gauni la manjano bado linamtosha. Viatu alivyonunuliwa Krismasi ya mwaka ule, vikubwa kidogo ili avijaze, bado ni vikubwa kidogo. Kliniki walimpima, kilo kumi na nane na nusu. Miezi sita baadaye, kilo kumi na nane na nusu. Nesi alimgombeza mwenzake kwa kunakili nambari badala ya kupima, akampandisha tena kwenye mzani, kisha akaandika nambari ile ile.

Mama anasema atarefuka tu, kwamba upande wa baba walichelewa. Namwacha aamini. Sijamwambia ni nani aliyegonga.

Ila kila Jumamosi nikimwogesha Kamene namwambia afungue mdomo, nami natia kidole taratibu. Jumanne ile jino lake la mbele lilikuwa limeanza kutikisika, na nilimwambia litang'oka kabla ya Ijumaa.

Bado linatikisika.