Nta Kwenye Jino la Alute

Ndugu zangu, msimu ule wa kurina asali ulianza vizuri. Katika kijiji kipya cha ujamaa, pembeni ya vichaka vya Itigi, akina mama walikamua masega huku wakiimba, na Marietha alikuwa mmoja wao. Mumewe, Alute, ndiye aliyekuwa mwonjaji wa kijiji. Akisema asali imeingia moshi, inawekwa kando. Akisema ni safi, inapelekwa ushirika.

Asubuhi hiyo alionja, akatema.

"Hii ina dawa!" Akaonja debe lingine, akatema tena.

"Asali haina kosa, Baba Dorika," Marietha alimnong'oneza. "Ni jino lako hilo."

Kweli lilikuwa jino. Siku chache nyuma gego lilimuuma mpaka akalia mbele ya watoto, na Marietha akamkimbiza hospitali ya misheni. Mganga wa meno alilitoboa, akasafisha mizizi, akaweka humo dawa kali, kisha akaziba kwa muda tu.

"Wadudu wa mle ndani hujifunika utando," aliwaeleza, "kama ule unaoganda ndani ya kibuyu cha maziwa. Ukisuuza tu, hautoki. Dawa ikae iwamalize, kisha mrudi nisafishe tena, ndipo nizibe moja kwa moja. Maumivu yakiisha, msidanganyike."

Maumivu yakaisha, naye Alute akadanganyika. Mchana wa siku ile ya kuonja, ili ladha ya asali imrudie, alichokonoa kile kizibo kwa msumari, akatema dawa yote, akasindilia nta.

Marietha alishtuka. "Umefanya nini, mume wangu?"

"Nta inaziba kibuyu kilichopasuka, itashindwa jino?"

"Na hospitali je? Tulitakiwa kurudi."

"Nirudi kufanya nini na siumwi? Wenzangu wanafanya kazi, mimi nikatembee? Wataniita kupe!"

Moyo wa Marietha haukutulia, lakini alimwona mumewe anaonja na kucheka na watu, akanyamaza. Jamani, kunyamaza huko!

Asali ilikuwa bado haijaisha kukamuliwa pale shavu lilipovimba. Alute akasema ni nyuki. Uvimbe ukashuka chini ya kidevu, shingo ikakakamaa, mate yakawa hayamezeki. Marietha alimgusa, akaona anawaka homa. Alikimbia kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Gabrieli, khanga ikimdondoka njiani.

"Shikamoo mzee! Nisaidie trekta, Baba Dorika anakufa!"

Mzee Gabrieli hakuuliza mara mbili. Madebe ya asali yakashushwa kwenye tela, Alute akapandishwa. Akilala, anakabwa, kwa hiyo Marietha alimkalisha na kumkumbatia kwa nyuma njia nzima. Kila trekta lilipopunguza mwendo kwenye mchanga, alisikiliza kama bado anapumua. "Kaza moyo, tunafika," alimwambia, naye mwenyewe hakuamini.

Walifika. Mganga alipofungua kinywa kile, alitoa donge la nta, na usaha ukafuata.

"Dawa yangu iko wapi?"

Alute hakuweza kusema. Marietha ndiye aliyejibu.

Walimpasua chini ya taya, wakamchoma sindano za penisilini. Lakini sumu ilikwisha kuingia kwenye damu, na koo lilikuwa limejifunga. Jioni ileile Alute alikata roho mikononi mwa mkewe.

"Alipolia nilimkimbiza huku," Marietha alimwambia mganga. "Alipoacha kulia, nikamwacha."

FUNZO

Enyi wanakijiji wenzangu, jino kuacha kuuma si kupona. Wadudu wakiwa ndani ya mzizi, chini ya utando wao, hawakuambii kwamba wapo. Dawa aliyoiweka mganga si yako kuitoa, hata kama inakuharibia ladha ya asali. Ukiambiwa rudi, rudi. Na wewe unayeishi na mgonjwa, mbishie, mfuate, mvute mkono ikibidi. Afadhali akununie yupo hai.